Kalamu ya Kujikinga

Mpaka leo sijui kuchagua kalamu. Nikiingia duka la vifaa vya ofisi nanyoosha kidole kwenye ya kwanza ninayoiona, nalipa, natoka, kwa sababu najua nikianza kuzipima mkononi nitasimama pale mpaka wenyewe wafunge. Vijana wa ofisini wananicheka. Hawajui kwamba niliwahi kuchagua kalamu kweli kweli, mara moja tu, Dodoma, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena, na kwamba siku hiyo sikuwa nachagua ya kuandikia.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, kwa kibarua, elimu yangu darasa la saba. Maneno ya kupunguza wafanyakazi yalikuwa yameanza kupita kwenye korido, na kila aliyeyasema aliyasema kwa sauti ya chini huku akiniangalia mimi. Asiye na cheti cha kidato cha nne ndiye atakayetangulia, walisema. Nikaanza masomo ya jioni ili nifanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Darasa lilikuwa kwenye shule ya msingi ng'ambo ya reli, na mwalimu alitufundisha kwa haraka kana kwamba anakimbizwa. Nikikosa cheti nakosa kazi, nikikosa kazi narudi kijijini kwetu, upande wa Kibaigwa, kulima mtama na kungoja kuposwa na yeyote atakayepita. Sina ugomvi na mtama. Nilikuwa sitaki tu.

Niliishi Makole kwa kaka yangu. Kaka alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa huruma na masharti, na hukuweza kupata kimoja bila kingine. Kati ya shule na Makole palikuwa na korongo, kavu karibu mwaka mzima, na njia ya mkato ilishuka ndani yake na kupanda upande wa pili. Jioni moja muuguzi, jirani yetu, aliporwa mkoba mle. Hakuumizwa, lakini alikuja kutusimulia na viatu mkononi, na kaka alimsikiliza bila kumkatiza. Alipoondoka, kaka akanigeukia.

"Masomo basi."

"Kaka, mtihani huo hapo umefika."

"Mimi natoka kazini usiku, siwezi kukufuata. Mpaka uwe na wa kukulinda, hutapita kule."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Kaka alisema "wa kukulinda." Mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilisikia "cha kukulinda." Yeye alimaanisha mtu, na nadhani alimaanisha mume. Mimi nikalala nikiwaza kitu.

Kesho yake nikamweleza dereva wa ofisi, mtu aliyekuwa akiwapeleka wakubwa Dar es Salaam na kurudi na hadithi. Aliingiza mkono mfuko wa shati akatoa kalamu. Ilikuwa ya chuma, nene, nyeusi, nzito kama msumari wa reli.

"Sista, hii ndiyo dawa yako. Hii ni ya self-defense."

"Ndiyo nini?"

"Ya kujikinga." Akaikamata ngumi, kidole gumba juu ya kitako chake, akaonyesha. "Akija, unamchoma hapa, au hapa, au hapa pajani, halafu unakimbia. Usisubiri kuona umefanya nini."

"Na kuandika?"

Akaiangalia kama mtu aliyesahau. "Inaandika pia. Lakini sikiliza sheria yake. Isikae mkobani hata siku moja. Inakaa mkononi, toka unapotoka mpaka unapofika."

Niliomba aniuzie. Akasema ile alipewa na mzungu, na zawadi haiuzwi. Nikatafute mjini, siku hizi mjini hakikosekani kitu.

Ni kweli, hakikukosekana, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Miaka michache nyuma ukiingia dukani uliuliza neno moja, "Ipo?" na ulijibiwa neno moja, "Hakuna." Tulikuwa hodari wa mazungumzo hayo. Sasa mashelfu yalijaa mpaka dari, sabuni za rangi zote, miswaki, saa za plastiki, na muuza duka badala ya kusema hakuna alikuuliza, "Unataka ipi?" Nani alikuwa amenifundisha kujibu swali hilo? Nilikuwa nikitoka madukani mikono mitupu, siyo kwa kukosa, bali kwa aibu ya kutojua ninachotaka.

Nilikwenda kwenye duka karibu na soko, la mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi ambaye familia yake ilikuwa Dodoma kabla kaka yangu hajajua Dodoma iko wapi. Ndani walikuwamo wanaume watatu wanne wakingoja misumari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nikusaidie nini?"

Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimelikariri neno la dereva njia nzima, nikaanzia mwisho. "Naomba ya kujikinga."

Mzee akawaangalia wale wanaume. Wale wanaume wakaangalia misumari. Mzee akamwita mkewe kwa Kihindi, na mama yule akanishika mkono taratibu, akanipeleka nyuma ya rundo la ndoo, akainama chini ya meza na kunibandika kiganjani pakiti ndogo.

"Usione haya, mwanangu," alininong'oneza. "Hata redioni wanasema siku hizi, tumia kinga. Bora wewe umekuja mwenyewe."

Nikaiangalia pakiti. Ilikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke waliokumbatiana, wamefumba macho. Nilihisi masikio yanawaka moto.

"Mama, mimi nataka kalamu."

"Kalamu?"

"Kalamu ya kujikinga."

Alifikiri kwa dhati, maskini, nikamwona anafikiri. "Na mwenzako anajua?" akaniuliza.

Ilichukua muda kueleweshana. Nilipokwisha kumweleza habari ya korongo, alicheka mpaka akashika ndoo, halafu akaacha kucheka ghafla na kusema naye zamani aliwahi kuvutwa mkufu shingoni, mchana, watu wanaona. Akaniletea kalamu zote za chuma walizokuwa nazo na kuzipanga juu ya meza. Wale wa misumari walikuwa bado wapo. Sasa walikuwa wamesogea karibu.

Sijawahi kuchanganyikiwa vile. Moja ilikuwa ya shaba, nzuri, lakini nyepesi. Nyingine ilikuwa nzito, ila ya kubonyeza, na mwanaume mmoja akasema, "Hiyo ukimchoma mtu ncha itarudi ndani," na mwenzake akasema hapana, hiyo ndiyo nzuri, huendi jela. Ya tatu ilikuwa na kifuniko cha kusokota. Mwanaume yule yule akauliza mwizi atanisubiri nisokote? Mzee alizijaribu zote kwenye karatasi na kunionyesha ipi ina wino laini, kwa kuwa kwake kalamu ilikuwa kalamu. Nilimwuliza ipi itamuumiza mtu. Akasema kwa upole kwamba kwa uzoefu wake kalamu inayoumiza watu ni ile ya afisa kodi.

Wote wakacheka, na mimi nikakasirika. Mimi nikikasirika mikono hutangulia. Nilichukua ile ya kusokota, chuma cheupe, nikaishika ngumi kama nilivyofundishwa, kidole gumba juu, na kuichoma kwa nguvu kwenye kitu kilichokuwa karibu nami. Kilikuwa gunia la sukari.

Sukari ikaanza kumwagika, polepole kwanza, halafu kwa bidii. Mama alikinga kanga. Mzee aliziba tundu kwa kidole na kusimama hivyo, ameinama, akiniangalia kutoka chini.

"Basi binti," akasema. "Hiyo umeshachagua."

Nikalipa na kuondoka. Njiani nilikuwa sijui kama nimenunua silaha, au kalamu, au nimelipia sukari tu.

Nyumbani nilikuta mama yangu mzazi amefika. Alikuja kutibiwa jicho na alikuwa amefungwa kitambaa upande mmoja, jicho la pili likifanya kazi ya mawili. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, kifupi na chenye lafudhi ya Kigogo. Alinipokea kwa salamu ya kwetu, "Mbukwa," nami nikafurahi, kwa kuwa mama akiwapo kaka hupungua ukubwa kidogo.

Nilingoja jioni ya Jumapili, wote tukiwa jikoni, kaka akisubiri ugali na mlenda, wifi akisonga. Neno kinga nilikuwa nimeapa sitalitamka tena maisha yangu. Nikalizunguka.

"Kaka, nimepata wa kunilinda."

Nilitaka kusema "cha." Ulimi ukateleza kwenye lile neno lake. Wifi akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Nani? Anafanya kazi wapi?"

"Si mtu, wifi. Hii hapa." Nikaitoa.

Niliruka mkojo nikakanyaga mavi. Mama alinyoosha mkono kabla ya kaka, akaipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito na kuigeuza mbele ya jicho lake zima.

"Umepewa na nani?"

"Nimenunua mjini, mama. Kwa mzee mmoja wa Kihindi."

"Ya mtu wa mbali ndiyo nzuri," alisema mama, na akaonekana ametulia kabisa. "Hii ni kinga. Mtoto ana kinga, mwache aende."

Kaka alisimama. "Mama, kwa heshima zote. Kwenye nyumba hii hapakai zindiko."

"Kaka, ni kalamu."

"Mama anasema kinga, wewe unasema kalamu."

"Ni kalamu ya kujikinga." Lile neno likanitoka.

Kaka aliichukua na kuifungua. Najua alitegemea kukuta mzizi ndani, au unywele wa mtu. Alikuta springi na mrija wa wino. Akaandika jina lake pembeni ya gazeti, akalisoma, akaandika tena. "Hii ni kalamu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa.

"Hata hirizi," alisema mama, "kwa nje ni kitambaa tu."

Kaka aliigeuzageuza kalamu. Kama ni kalamu, basi sina cha kunilinda na masomo yamekwisha. Kama ni kinga, basi nyumba yake imeingiliwa na uchawi, na aliyeubariki ni mama yake mzazi. Alitutazama mmoja mmoja. Wifi alijifanya anageuza ugali uliokwisha kugeuzwa. Mwishowe kaka aliiweka kalamu juu ya meza, akaishika kwa vidole viwili, akafumba macho na kuiombea. Aliomba kiondolewe ndani yake kila kisicho cha Mungu, na kila chema kibaki, na mdogo wake alindwe aingiapo na atokapo. Aliomba mpaka mlenda ukapoa. Mama ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sote.

"Utakwenda," kaka aliniambia. "Lakini likitokea lolote korongoni, hata dogo, masomo basi. Sitaki tena maneno."

Nikaanza kwenda, na sasa kila mtu alikuwa na sheria yake. Dereva alikuwa amesema mkononi. Kaka alisema mfukoni kama kalamu ya mtu yeyote, tusije tukaiabudu. Mama alinivuta pembeni na kuniambia ikae chini kabisa ya mkoba, isionwe na jicho la mtu, kwa maana kinga ikionwa inapoa. Nilijaribu kuwatii wote. Siku moja niliishika mkononi kutoka shuleni mpaka nyumbani, na watu niliopishana nao wakasita kunisalimia. Siku nyingine niliiweka mfukoni ikatoboa gauni. Mwishowe nikamtii mama, kwa sababu jioni mama ndiye niliyekuwa naye nyumbani.

Ila darasani niliitoa na kuandikia, maana sikuwa na nyingine. Hilo mama sikumwambia. Kinga ya watu unaiandikiaje historia na hesabu? Na ilivuja. Kila jioni nilirudi na vidole viwili vya buluu, na mama, ambaye kila jioni alininawisha mikono kabla ya kula, alimimina maji, akaviangalia, akamimina tena.

Nitasema kweli, nilikuwa na hofu siku zile zote, na sikujua ya nani. Nilipokuwa nikishuka korongoni, upepo wa Dodoma ukirusha vumbi na mifuko ya plastiki, nilijaribu kumfikiria mwizi ili nijiandae kumchoma, na kila nikimfikiria alikuja na sura ya bwana mmoja wa utumishi pale ofisini, aliyekuwa akipita mezani kwetu akituhesabu kwa macho. Yeye ningemchoma wapi? Shingoni au pajani? Nilijikuta darasani naandika kwa ubahili, herufi ndogo ndogo, nikiogopa kwamba nikimaliza wino nitakuwa nimemaliza na ulinzi. Nilijua ni upuuzi. Niliendelea kuandika kidogo kidogo.

Siku yenyewe jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Nilishuka korongoni, mkoba begani, kalamu chini kabisa chini ya madaftari, kama mama alivyoagiza. Mbele yangu alikuwa anakuja kijana, shati safi, amebana kitu kwapani. Nilimwona vizuri sana. Hakuwa na sura ya mtu yeyote niliyemwandaa kichwani. Alipofika karibu akapunguza mwendo, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo dada."

Mimi nilikuwa msichana. Mjini mle walioniamkia walikuwa watoto wa shule tu. Kijana mzima, mrefu kunizidi, ananiamkia? Nilishangaa, na nikafurahi, lazima niseme, nikafurahi. Nikasimama kama nilivyofundwa, maana salamu hiyo huiachi hewani.

"Marahaba," nikasema.

Neno lilikuwa bado liko mdomoni mkoba ulipoondoka begani. Hakunisukuma. Aliuvuta tu, kwa ustadi, na kupanda ukingo wa korongo huku soli zake zikinitazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi, kidole gumba juu, kama ulivyofundishwa. Ndani ya ngumi hamkuwa na kitu.

Nilisimama pale nikijaribu kuelewa. Hata kama ningekuwa nayo mkononi, mtu amekuamkia, umemwitikia, sasa unamchomaje? Dereva hakunifundisha hilo. Nikawaza pengine shikamoo yake ilikuwa ya kweli, na wizi ukamjia baadaye. Halafu nikakumbuka masharti ya kaka, na ndipo nilipolia, kwa sauti, peke yangu, katikati ya korongo, wala si kwa ajili ya mkoba.

Nilifika nyumbani mikono mitupu. Siku hiyo kaka alikuwa ametoka kazini mapema. Hakuhitaji kuuliza, alitazama bega langu.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Na ile kalamu?"

"Ilikuwa ndani."

Akashusha pumzi. Hakufurahi, sitaki kumsingizia. "Basi, mdogo wangu. Tulikubaliana. Masomo yamekwisha."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, akichambua mlenda mkavu. Hakuinua kichwa. "Kwa nini yamekwisha?"

"Mama, ameporwa. Hiyo kinga yenu haikufanya kitu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Ana jeraha?"

"Hana."

"Kilichokwenda ni nini?"

Kaka akatazama tena bega langu.

"Kinga ikishikwa na adui inakwenda yenyewe, mtu anabaki," alisema mama. "Imefanya kazi yake. Au unasema ile uliyoiombea wewe mwenyewe, hapo mezani, sisi wote tukaitikia amina, haikusikika?"

Mzee wa kanisa angesema nini? Akisema kinga imeshindwa, ameshindwa yeye na sala yake. Akisema imefaulu, kesho niko njiani kwenda shule. Alimtazama wifi, wifi akatazama dari. Akachukua kofia yake, akasema anakwenda kumwona mchungaji mara moja, na kutoka.

Wifi akaandaa chakula. Nilikaa mkekani, bado nimechanganyikiwa, sijui kama nimekatazwa au nimeruhusiwa, sijui kama mama anaamini aliyoyasema au ameyasema kwa ajili yangu. Alinyanyuka, akaleta birika na beseni, akaninawisha mikono. Maji yalitoka meupe. Siku hiyo mwalimu alikuwa hakuja na sikuwa nimeandika chochote. Mama alikigeuza kiganja changu, akaviangalia vile vidole viwili kwa jicho lake moja, vikiwa safi.

"Sasa kesho," akaniuliza, "utaandikia nini?"